Mkulima kakubali lumbesa, kosa liko wapi?

Kila msimu wa viazi mviringo habari ni ileile. Kiongozi wa wilaya au ofisa wa Wakala wa Vipimo anatangaza kwamba lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo, ni marufuku, magari yanasimamishwa getini, magunia yanashushwa na kupimwa, wenye mzigo wanapigwa faini. Halafu mabishano yanahamia mitandaoni. Mmoja anasema wanunuzi ni wezi. Wa pili anamjibu kwamba mkulima kakubali mwenyewe, hakushikiwa panga, na biashara ni makubaliano. Wa tatu anasema sheria imekataza, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Wa nne anauliza mbona nyanya za fungu hazipimwi na hakuna anayekamatwa.

Wote wanne wamo ndani ya uwanja mmoja, uwanja wa maadili ya biashara, ingawa jina hilo hulisikii. Tumezoea kulisikia kwenye semina za mabenki na kwenye ripoti za makampuni makubwa, kiasi kwamba mtu anadhani halimhusu mchuuzi wa viazi. Linamhusu sana. Ukilifungua gunia moja la lumbesa unazikuta humo karibu nadharia zote kubwa za maadili, zikivutana.

Kwanza maneno yenyewe. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Likishajaa, huongezwa kipande cha gunia jingine au wavu kwa juu, mazao yanarundikwa mpaka yanafanya kichuguu, kisha mshonaji anapitisha shazia na kamba. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Utaratibu wa vipimo Tanzania unataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lumbesa huvuka hapo kwa mbali.

Maadili ni yale mtu anayojifunga nayo kuhusu jema na baya, hata pale ambapo hakuna askari. Maadili ya biashara ni kuyapeleka maswali hayohayo kwenye kununua, kuuza, kuajiri, kukopesha na kutangaza. Nadharia ya maadili, nayo, ni jaribio la kueleza kwa nini jambo fulani ni baya. Wengi wetu tunajua kwamba kupunja ni vibaya. Kazi inaanza pale unapoulizwa sababu, hasa ukiulizwa na mtu mwenye akili ambaye kupunja kunamlipa.

Nadharia hizi zitazame kama vifaa vya zahanati. Kipimajoto hakikuambii presha, na mashine ya presha haikuambii uzito. Mgonjwa ni mmoja, vifaa vinamuuliza maswali tofauti, na daktari anayetumia kifaa kimoja tu atakosea siku moja.

Sheria ni nusu ya jibu

Yule wa tatu, anayesema sheria imekataza na basi, tumuanze yeye kwa sababu ndiye rahisi. Sheria na maadili vinagusana lakini havilingani.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash kwa shinikizo la Waingereza. Siku moja kabla ya hapo, kununua binadamu pale ilikuwa biashara halali, yenye madalali wake na ushuru wake. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema biashara ile ilianza kuwa mbaya siku ya kutia saini. Ubaya ulikuwepo muda wote, sheria ndiyo iliyochelewa.

Upande wa pili upo pia. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Tanzania iliendesha msako mkubwa dhidi ya waliotajwa kuwa wahujumu uchumi. Bidhaa zilikuwa adimu, na kukutwa na shehena ya sabuni au sukari kulitosha kumpeleka mtu mbele ya chombo maalumu cha kusikiliza kesi hizo. Miaka michache baadaye, Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, akiwa Ikulu, kuagiza na kuuza sabuni ileile ilikuwa kazi ya kawaida ya kumsomeshea mtoto. Katika waliosombwa na msako walikuwemo walanguzi kweli, waliokuwa wakificha mali ili watu wateseke bei ipande. Walikuwemo pia watu ambao kosa lao lilikuwa kufanya biashara katika nchi iliyokuwa haijaamua kama inaitaka.

Kwa hiyo ukiambiwa lumbesa ni kosa kisheria, umejua faini ipo. Kwa nini ni kosa, hujaambiwa bado.

Hesabu ya faida na hasara

Nadharia ya kwanza inapima matokeo. Waingereza Jeremy Bentham, aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1789, na John Stuart Mill aliyemfuatia, walisema tendo jema ni lile linaloleta heri nyingi zaidi kwa watu wengi zaidi. Unahesabu waliofaidika, unahesabu walioumia, unatazama salio.

Tuijaribu. Tuseme gunia la kilo 100 linauzwa shilingi 60,000, yaani shilingi 600 kwa kilo. Mnunuzi akilijaza hadi kilo 130 na kulipa 60,000 ileile, bei ya kilo imeshuka hadi kama shilingi 460. Kwa magunia 20, mkulima ameondokewa na kilo 600 bila senti, ambazo kwa bei ya mwanzo ni shilingi 360,000. Hiyo ni hasara ya mkulima na faida ya mnunuzi, na kama hesabu ingeishia hapo ungesema pesa zimehama mfuko tu.

Haiishii hapo. Nauli ya Fuso mara nyingi huhesabiwa kwa gunia, kwa hiyo lumbesa inapunguza gharama ya kusafirisha, na pengine kidogo ya nafuu hiyo inamfikia mlaji wa Dar es Salaam. Mtu mkweli lazima aiweke kwenye mizani. Lakini pale ushuru wa halmashauri unapokusanywa kwa gunia, kilo za juu zinapita bure, na shule au zahanati iliyotegemea ushuru huo inakosa. Gari linabeba uzito ambao karatasi haziusemi, na barabara inaliwa. Halafu yupo mtu ambaye hatajwi kabisa kwenye mabishano haya: kuli.

Kuli analipwa kwa gunia. Hakuwepo shambani bei ilipopangwa, hakuulizwa, na mgongo ni wake. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha pendekezo kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mtu mzima mmoja, pale unapozidi kilo 55, ushushwe hadi kiwango hicho haraka iwezekanavyo. Lumbesa ya kilo 130 ni zaidi ya mara mbili yake. Na tukisema ukweli, hata gunia halali la kilo 100 linakaribia mara mbili, jambo ambalo wapiga marufuku wetu hawapendi kulizungumza.

Hapo ndipo nadharia ya matokeo inapoonyesha nguvu yake: inakulazimisha uwatafute watu waliokuwa nje ya mapatano. Udhaifu wake nao ni mkubwa. Kama walaji laki moja wakipata nafuu ya shilingi kumi kumi kwa kuvunjika mgongo wa kuli mmoja, hesabu inaweza kukubali. Kisa maarufu kinachotumika kufundishia udhaifu huu ni cha kampuni ya Ford ya Marekani katika miaka ya 1970. Waraka wa mwaka 1973 ulikadiria kwamba kurekebisha magari ili yasivujishe mafuta yanapopinduka kungegharimu dola 11 kwa kila gari, jumla dola milioni 137, wakati faida ya kuokoa maisha 180 na kuepusha majeraha na magari kuungua ilikadiriwa kuwa dola milioni 49.5. Kila uhai ulihesabiwa kama dola 200,000. Watu wengi husimulia kisa hiki kama karatasi ya siri kuhusu gari moja, Ford Pinto. Kwa kweli waraka ulipelekwa kwa mamlaka ya serikali, ulihusu magari ya Marekani kwa ujumla, na bei ile ya uhai ilitokana na makadirio ya mamlaka hiyohiyo. Mimi naona ukweli huo unatisha kuliko ile hadithi, maana unaonyesha kwamba hata serikali hujikuta ikipanga bei ya mtu, na ubishi unabaki kuwa ni wapi hesabu isiruhusiwe kuingia.

Duka la Kant

Immanuel Kant, Mjerumani wa Königsberg, alikataa kuanza na matokeo. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 alitoa mfano wa mwenye duka, na ni mfano ambao ungeweza kutokea Manzese. Mwenye duka hamzidishii bei mteja asiyejua. Hata mtoto akitumwa anauziwa kwa bei ileile. Watu wanapata huduma ya haki. Kant anauliza: je, huyu ni mwema? Anajibu kwamba bado hatujui. Inawezekana anafanya hivyo kwa sababu jina zuri linaleta wateja. Siku ambayo kupunja kutakuwa na faida na siri, ndipo tutajua.

Kipimo cha Kant kina pande mbili. Kwanza jiulize: kanuni ninayoifuata ikifuatwa na kila mtu, itasimama? Jaribu kwenye lumbesa. Mnunuzi wa kwanza aliyeongeza kichuguu juu ya gunia alifaidi kwa sababu wengine wote bado waliamini gunia ni gunia. Wote walipomfuata, gunia lilikufa kama kipimo. Leo ukitajiwa bei ya gunia la viazi au vitunguu inabidi uulize: la kawaida au lumbesa? Na lumbesa ya nani? Udanganyifu ulikuwa unaishi juu ya uaminifu wa wengine, ukaula mpaka ukaisha.

Hapa wachumi wana pingamizi, na si la kupuuza. Wanasema kama kila mtu anajua lumbesa ni kilo 130, basi bei imekwisha jirekebisha, mkulima analipwa kwa kilo 130 na hakuna aliyeibiwa. Gunia limekuwa kipimo kikubwa zaidi, basi. Ingekuwa hivyo kama kichuguu kingekuwa na urefu wa kudumu. Hakina. Mwaka huu kinapanda, mwaka ujao kinapanda tena, na anayeamua kimeishia wapi ni mshonaji aliyeletwa na mnunuzi. Mkulima hana mizani, hajui kama ametoa kilo 120 au 150. Soko haliwezi kurekebisha bei ya kitu ambacho upande mmoja haujui ukubwa wake.

Upande wa pili wa Kant ni huu: usimtumie mtu kama chombo tu cha kupatia unachotaka. Neno la kushika ni "tu". Kila biashara hutumia watu. Mimi namtumia muuza mkate kupata mkate, naye ananitumia kupata pesa. Tatizo linakuja pale mwenzako anapogeuzwa kifaa bila nafasi ya kujua au kukataa. Na hilo linatuleta kwa yule wa pili, mwenye hoja ngumu kuliko wote.

Hakushikiwa panga

"Mkulima kakubali mwenyewe." Hoja hii ndiyo maficho makubwa ya biashara mbaya, na sababu ya kuwa maficho mazuri ni kwamba nusu yake ni kweli. Ridhaa ina uzito. Bila ridhaa biashara ni unyang'anyi. Lakini ridhaa ina masharti, na mtu anayesema "kakubali" mara nyingi hataki masharti hayo yakaguliwe: aliyekubali alijua anachokubali? Angeweza kukataa bila kuangamia?

Viazi vikishachimbwa saa inaanza kuhesabu. Mvua inanyesha, njia ya shambani inateleza, mwenye duka la pembejeo anadai pesa ya mbolea, na gari lililofika ni moja. Mkulima akisema magunia yangu hayaongezwi kitu, mnunuzi hagombi. Anawasha gari, anakwenda shamba la jirani. Jirani naye ana deni la mbolea. Kwa maana hiyo kweli hakuna panga. Kuna kiazi kinachoanza kuota.

Mtu huyohuyo angekuwa na ghala la kuhifadhia, au magari manne yakisubiri mzigo, angekubali lumbesa? Ukijibu hapana, basi kilichokubali ni shida yake. Swali hili linafaa zaidi ya viazi. Liweke kwenye mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, liweke kwenye mkataba wa binti wa kazi za ndani, liweke kwenye kisanduku cha "nakubali" unachobonyeza ili programu ya mkopo ikupe shilingi elfu hamsini na yenyewe ichukue majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Kote huko utasikia kwamba mtu alikubali.

Mmarekani John Rawls aliandika kitabu mwaka 1971 kilichotoa njia ya kujiondoa kwenye upendeleo. Fikiria mnapanga kanuni za soko la viazi, lakini hakuna kati yenu anayejua akitoka chumbani atakuwa nani: mkulima wa Njombe, mwenye Fuso, dalali wa Mabibo, kuli, au mama lishe anayenunua ndoo moja ya viazi vya chipsi za leo. Mngepitisha kanuni kwamba ukubwa wa gunia unaamuliwa na mwenye gari? Hata mwenye tamaa asingethubutu, maana anaweza kutoka akiwa kuli.

Sasa fungu la nyanya. Yule wa nne aliuliza vizuri na anastahili jibu. Fungu halina mizani, na hata hivyo silioni kuwa dhuluma. Mnunuzi analiona lote, nyanya moja moja, anaweza kuligeuza kutazama za chini. Bei imetajwa kwa fungu lile, halijifanyi kuwa kilo. Na asiporidhika, mama wa meza ya pili yuko hatua mbili mbele, wala nyumbani kwake hakuna kitakachooza kwa sababu amekataa. Anajua, na anaweza kuondoka. Akipanga nyanya mbovu katikati na nzima kwa nje, hapo fungu nalo limeingia kwenye ugonjwa uleule. Kwa hiyo kinachoharibu lumbesa si kukosekana kwa mizani peke yake, ni kukosekana kwa mizani pale ambapo mmoja hawezi kuona wala kukataa.

Unageuka kuwa nani

Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, angeona mjadala wote huu unatazama tendo na kumsahau mtu. Kwake tabia hujengwa kwa kurudia. Kijana anayefundishwa kazi na tajiri wake, akaanza kwa kushika gunia wakati linashindiliwa, haoni kwamba anafundishwa wizi. Anaona anafundishwa kazi. Baada ya misimu kadhaa mkono wake unajua wenyewe, na siku akiwa na gari lake hatahitaji kushawishiwa.

   

Dini zetu ziliuona mchezo huu wa vipimo mapema, na kwa usahihi unaoshangaza. Sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya wapunjaji, na haikuishia kwa anayepunguza anapowapimia wengine. Imetaja kwanza wale ambao wanapojipimia kwa watu hutaka watimiziwe. Sheria za Torati nazo zinakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Huo ndio mchezo wa lumbesa kutoka mwanzo hadi mwisho: shambani kipimo kinavimba, mjini mzigo uleule unauzwa kwa kilo au kwa ndoo, na kipimo kimerudi kuwa kidogo. Mtu mmoja, mawe mawili.

Faida, Friedman na madawati

Kuna mambo matatu yanayochanganywa kila mjadala wa aina hii unapoibuka.

La kwanza ni kwamba mfanyabiashara ni mwizi kwa asili. Huu ni urithi wa miaka ya foleni za sukari, na haujatutoka. Anayetoa viazi Njombe akavifikisha Dar es Salaam anafanya kazi: anabeba hatari ya gari kuharibika, bei kushuka, mzigo kuoza. Faida ni malipo ya kazi hiyo. Anayetaka kumuondoa mtu wa kati ajiandae kuendesha Fuso mwenyewe.

La pili ni kinyume chake, kwamba wataalamu wamethibitisha kazi ya biashara ni faida tu. Hapo hutajwa Milton Friedman, mchumi wa Marekani, na makala yake ya Septemba 1970 katika gazeti la New York Times. Ni kweli alisema wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida. Wanaomnukuu huacha sharti alilolifunga hapohapo: kwa kufuata kanuni za msingi za jamii, zile za sheria na zile za desturi ya maadili. Mahali pengine aliongeza bila hila wala udanganyifu. Lumbesa haipiti hata kwenye mlango wa Friedman. Ubishi wa kweli kati yake na R. Edward Freeman, msomi wa Marekani aliyeandika mwaka 1984 kwamba kampuni inawajibika kwa wadau wake wote, wafanyakazi, wauzaji, wateja na jirani, haukuwa kuhusu kama kudanganya kunaruhusiwa. Ulikuwa kuhusu nani ahesabiwe baada ya kuacha kudanganya.

La tatu ni madawati. Kampuni inapeleka madawati mia shuleni, picha zinapigwa, mgeni rasmi anasema kampuni hii ina maadili. Huenda inayo. Lakini zawadi inaeleza jinsi pesa ilivyotumika, maadili ya biashara yanauliza jinsi ilivyopatikana. Archie Carroll, msomi mwingine wa Marekani aliyechora piramidi maarufu ya wajibu wa makampuni mwaka 1991, aliweka hisani kileleni, juu ya wajibu wa kiuchumi, wa kisheria na wa kimaadili. Sisi tumezoea kuanzia kileleni.

Mwema mmoja hafiki mbali

Limebaki tatizo ambalo wahubiri wa maadili hulikwepa. Chukua mnunuzi aliyeguswa na haya yote, akaamua msimu huu hanunui lumbesa. Anafika sokoni na magunia ya kilo 100, kando yake wenzake wamefika na ya kilo 130 waliyonunua kwa pesa ileile. Kwa kilo wanaweza kuuza chini yake na bado wakapata. Akivumilia msimu mmoja ni shujaa, akivumilia mitatu amefilisika, na nafasi yake inachukuliwa na asiye na shida ya dhamiri. Soko la namna hii linachuja watu, na halichuji kwa wema.

Hii ndiyo sababu hasa ya kuwa na sheria ya vipimo. Mwizi atatafuta njia. Anayelindwa zaidi ni mwaminifu, ili uaminifu wake usimfukuze sokoni. Ndiyo maana pia marufuku ya msimu, ya kusimamisha magari wiki mbili mbele ya kamera, inaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa na marufuku: aliyetii anaumia, aliyesubiri kamera ziondoke anafaidi. Kenya waliweka gunia la viazi lisizidi kilo 50, na kanuni za mwaka 2019 zikalisisitiza, lakini gunia lenye kilemba, wenyewe wanaliita mukurino, limeendelea kurudi kila usimamizi unapolegea. Mnunuzi akiwa peke yake kwenye kutii, haendi mbali.

Linganisha na korosho za Mtwara na Lindi. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuweka mazao ghalani kwa risiti, korosho hupimwa kwa kilo kwenye chama cha msingi cha ushirika, kisha huuzwa mnadani. Wakulima wana malalamiko yao, malipo kuchelewa, makato mengi, na mengine wana haki nayo kabisa. Ila hakuna anayebishana kuhusu urefu wa gunia, kwa sababu gunia limeacha kuwa kipimo. Viazi havina subira ya korosho, haviwezi kukaa ghalani vikisubiri mnada. Lakini havihitaji mnada ili vipimwe. Vinahitaji mizani moja ya uhakika kwenye kituo cha kijiji, kabla gari halijafika, na bei itajwe kwa kilo. Wengine wanasema wakulima wachangishane wainunue, wengine wanasema ni kazi ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima. Kwangu mimi mwenye mzigo huo ni halmashauri, ambayo inachukua ushuru kwenye kila gunia linalopita geti na haijawahi kuulizwa inautumia kupima nini.